Mchezo wa Sikio na Watoto wa Buigiri

Wako wapenzi wa ushairi, tena wasomi wa kuheshimika, wanaoshikilia kwamba mchezo wa kompyuta hauna haki ya kutajwa katika kurasa zinazojadili utenzi na shairi. Mchezo huo, wanasema, ni sanaa ya jicho, ilhali ushairi wa Waswahili ni sanaa ya sikio, na viwili hivyo havikai jamvi moja. Wakisukumwa kidogo huongeza la pili: hata ukikubaliwa kuwa sanaa, mchezo ulioachwa njiani, ukabaki nakala ya majaribio isiyofika sokoni, ni takataka za karakana tu, na takataka hazihifadhiwi. Hoja hizo zimezoeleka mno hata hazijibiwi. Zinastahili kujibiwa, na mahali pa kuzijibia si Lamu wala Unguja. Ni Buigiri.

Buigiri iko Ugogoni, wilaya ya Chamwino, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Morogoro. Ni nchi ya mibuyu, miiba na vumbi, yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, na mwambao huikumbuka kwa nadra, labda kwa zabibu zake. Huko ndiko Kanisa la Anglikana lilikoanzisha, mwaka 1950, shule ya watoto wasioona. Watoto hao husoma kwa ncha za vidole, kwa maandishi ya nukta nundu aliyoyabuni Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, akayachapisha mwaka 1829. Pamoja nao wamo watoto wenye ualbino, ambao macho yao yana uoni hafifu. Mtoto wa shule hiyo akiambiwa kwamba mchezo wa kompyuta ni sanaa ya jicho, maana yake ameambiwa kwamba mlango huo si wake. Anayesema hivyo huenda hana nia mbaya, lakini mlango ameufunga.

Na ameufunga kwa kutojua. Mwaka 1997, Japani, fundi wa michezo aitwaye Kenji Eno, mwenye kampuni ndogo iliyojitegemea ikiitwa WARP, alitoa mchezo usio na picha hata moja. Uliitwa Real Sound: Kaze no Regret, yaani majuto ya upepo, na ulichezwa kwa mashine ya Sega Saturn. Kioo kilikuwa cheusi mwanzo hadi mwisho. Mchezaji alisikiliza kisa cha mapenzi kilichosimuliwa kwa sauti za waigizaji, mfano wa mchezo wa redio, na kila kisa kilipofika njia panda kengele ndogo ililia, naye akachagua pa kuelekea. Mwandishi wa kisa alikuwa Yuji Sakamoto, mtunzi wa tamthilia za televisheni. Muziki ulikuwa wa Keiichi Suzuki. Eno alikuwa amepokea barua za wasioona waliokuwa wakicheza michezo ya kawaida kwa kubahatisha sauti zake, akaenda kuwaona, akarudi na wazo. Sega ilipotaka mchezo huo uwe wa mashine yake pekee, sharti lake halikuwa fedha tu: aliitaka kampuni iwagawie wasioona mashine 1,000, naye atoe nakala 1,000 za mchezo. Ndani ya kasha kulikuwa na maelezo ya nukta nundu, na kifuko cha mbegu za kupanda. Mbegu hizo zingeweza kuonwa kuwa mbwembwe za kibiashara, lakini anayejua namna asiyeona anavyolijua jani kwa harufu na kwa kidole hatacheka.

Hapo hoja ya jicho imekwisha. Imebaki ile ya takataka, na hiyo ndiyo yenye madhara makubwa zaidi.

Maana Kaze no Regret ulikusudiwa kuwa wa kwanza katika mfululizo. Wa pili ulipewa jina, Kiri no Orgel, ukatajwa hadharani, kisha ukaachwa. Haukutoka kwa Saturn, wala kwa Dreamcast iliyoirithi. Mwaka 2001 Sega yenyewe ilijitoa katika utengenezaji wa mashine za kuchezea, na Eno akafariki mwaka 2013. Wapo watakaosema soko limeamua. Neno hilo hutamkwa siku hizi kwa sauti ile ile iliyotumiwa zamani kutamka kadari, kana kwamba soko lina elimu ya ghaibu. Soko liliamua nini? Liliamua kwamba wasioona ni wachache na mifuko yao ni myepesi. Kuhusu ubora wa mchezo halikuamua lolote, kwa kuwa halikuwahi kuusikia.

Msomaji wa mwambao anapaswa kulielewa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, hayakuhifadhiwa na soko. Yalikaa vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya kutoka kwa wazee na kumpatia mmisionari W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi. Laiti Mwalimu Sikujua angalifuata busara ya wakusanyaji wa vilivyouzika pekee, Muyaka angekuwa jina tu, na pengine hata jina lisingekuwapo. Nani leo anaziita beti hizo takataka za karakana? Na bado watu hao hao wanaomtukuza Muyaka hutabasamu wakiambiwa kwamba kuna vijana duniani wanaotafuta diski za majaribio za michezo iliyofutwa, wakizinakili kabla hazijaoza. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni chombo tu.

Inafaa pia isemwe wazi kwamba kinachofutwa mara nyingi hufutwa kwa sababu ambazo mtunzi wa mashairi angezitambua mara moja. Mwaka 2010 Edmund McMillen na Tommy Refenes, watu wawili wasio na kampuni kubwa nyuma yao, walitoa Super Meat Boy. Toleo lililoahidiwa kwa mashine ya Wii halikutoka, kwa kuwa duka la mashine hiyo halikupokea mchezo unaozidi megabaiti 40, nao hawakukubali kuukatakata uingie. Hizo ni mizani. Kila mshairi amewahi kusimama mbele ya mshororo uliozidi, akachagua baina ya kulikata neno na kuliacha shairi. Tofauti ni kwamba mshairi ndiye aliyeichagua bahari yake, na hawa wawili bahari waliikuta imekwisha pimwa na mwenye duka.

Ukubwa wa hasara hii umepimwa. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya michezo hiyo, Video Game History Foundation, ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya 2010 haipatikani tena sokoni. Hiyo ni michezo iliyotoka, ikauzwa, ikasifiwa. Ile iliyoachwa kabla ya kutoka haimo hata katika hesabu.

Kuna pingamizi moja zito, na kulikwepa ni woga. Watasema: mtoto wa Buigiri anahitaji karatasi za nukta nundu, mashine ya kuziandikia, kitabu cha kiada na mwalimu wa kutosha, mtu anayemletea habari za mchezo wa Kijapani uliokufa anafanya mzaha. Pingamizi hilo lina haki nusu. Kitabu kwanza, ndiyo. Lakini tazama kitabu chenyewe: kikigeuzwa nukta nundu huvimba kikawa majuzuu kadhaa ya karatasi nene, ghali kuchapa na kazi kusafirisha. Sauti haina uzito huo. Tangu 2006 ipo programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia na Michael Curran, asiyeona yeye mwenyewe, ambayo huisoma skrini kwa sauti na hutolewa bure. Na sauti ya Kiswahili ya kuambatana nayo ipo, ingawa inaghani kama mtu mwenye mafua. Njia imekwisha chimbwa. Kinachokosekana ni kazi ya sanaa ya kupita humo. Tena nani aliyesema mtoto asiyeona ana haki ya kiada tu, na furaha asubiri? Mtoto mwenye macho wa Dodoma hakuambiwa hivyo alipoufikia mchezo wa mpira katika kibanda cha mtaani.

Wala asijidanganye mtu wa pwani kwamba sikio ni mali yake. Wagogo huimba kwa sauti nyingi zinazopishana na kufumana, ufundi ambao taarabu haikuwahi kuujaribu. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha ulimwenguni kwa ilimba na zeze. Mtunzi wa mchezo wa sauti akikaa Buigiri na kinasa sauti, hatakosa malighafi. Anaweza hata kuanza na bao, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo mkono hulisoma bila msaada wa jicho: kete huhesabiwa kwa kugusa, na mlio wa kupanda kete humweleza msikilizaji mchezo umefika wapi.

Lawama basi iwafikie wanaostahili, wakiwamo washairi wenyewe. Wangapi kati yao wamekufa na madaftari yao yakafungiwa vitumbua? Wangapi wasioona walitunga, wakamsomea mwandishi, na ulipochapwa ubeti wa mwisho, kanda yenye kusitasita kote na kubadilisha vina kote ikafutwa ili inaswe hotuba ya harusi? Rasimu ni karakana ya mtunzi, na mwanafunzi hujifunza karakanani, si dukani. Vijana wanaotengeneza michezo Dar es Salaam na Nairobi hutupa matoleo yao ya kwanza kwa urahisi ule ule, tena kwa kubonyeza mara moja. Nyaraka za Taifa za Zanzibar hupokea hati zilizoandikwa kwa wino. Hakuna sababu ya kutopokea na sauti za mchezo ulioachwa, na hakuna sababu ya mtunzi wake kuona haya kuzipeleka.

Kwa sasa, mwanafunzi wa Buigiri anayetaka kuujua mchezo wa Eno ataukuta ule wa kwanza kwa Kijapani, katika diski za mashine ambazo hazitengenezwi tena. Wa pili hataukuta kwa lugha yoyote.