Dawati Limfuate Mtoto

Mtoto anapopelekwa kushonewa sare, fundi cherehani humpima kwanza: mabega, kiuno, urefu wa mguu. Hakuna fundi ashonaye kaptula moja ivaliwe na wa darasa la kwanza na wa darasa la saba. Lakini ingia katika shule zetu nyingi za msingi, utakuta mtoto wa miaka sita na kaka yake wa miaka kumi na mitatu wanakalia madawati ya kipimo kimoja. Mdogo miguu yaning'inia, kidevu kinakaribia kugusa daftari. Mkubwa magoti yamebanwa chini ya ubao. Na wote wawili tunawaamrisha: kaeni vizuri, tulieni!

Sisemi kwamba madawati ni mabaya. Taifa letu limeyatolea jasho. Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza na watoto wakafurika shuleni, Rais John Magufuli aliagiza mikoa yote imalize upungufu wa madawati, na Bunge likatoa shilingi bilioni 6 zilizookolewa katika matumizi yake ili kusaidia kazi hiyo. Ilikuwa kazi njema, kwa maana mtoto anayeandikia sakafuni huumia mgongo, huchafua sare, na msichana hukosa stara. Basi mtu asije akayachukua maneno yangu kuwa ruhusa ya kuwarudisha watoto wetu vumbini. Ninalosema ni hili: tumeyahesabu madawati, sasa tumtazame anayeyakalia.

Na si kipimo tu cha kutazama, bali na mpangilio. Desturi ya kuwapanga watoto safu kwa safu, wote wakielekea ubaoni siku nzima, si sheria iliyoshuka mbinguni. Ilienea Ulaya na Marekani katika karne ya 19, hata madawati yakakazwa sakafuni yasisogee. Na huko huko wakatokea walioikataa. Mwalimu Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo katika mtaa maskini wa Roma mwaka 1907, aliweka meza na viti vyepesi ambavyo mtoto mdogo aliweza kuvibeba mwenyewe. Aliamini kuwa nidhamu ya kweli ni ya mtoto anayejitawala akitembea, wala si ya aliyefungwa asitikisike.

Lakini tusidhani kwamba jambo hili ni la wageni. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu, watoto huketi juu ya jamvi wakimzunguka mwalimu, juzuu au msahafu ukiwa juu ya marufaa ya kuwekea kitabu. Huyu yuko kwenye herufi, yule amefika mbali. Kila mmoja husogea mbele ya mwalimu kusikilizwa kwa zamu yake, kisha akarudi mahali pake. Ukaaji wenyewe unafuata kazi iliyopo. Hekima hiyo tunayo nyumbani. Mbona tunaiacha mlangoni mwa shule?

Najua mwalimu atanijibu: "Nina watoto tisini chumbani, na dawati ni la mbao na chuma, nitaligeuzaje?" Jibu lake ni haki, wala silipuuzi. Chumba kilichojaa hivyo dawa yake ni vyumba zaidi, na hilo ni deni la serikali na letu sote. Hata hivyo, yapo yasiyongoja bajeti. Badilisha nafasi kila wiki, ili wa nyuma naye apate kuwa wa mbele. Asiyeona vizuri au asiyesikia vizuri akae karibu nawe daima. Anayeandika kwa mkono wa kushoto mweke mwisho wa dawati upande wa kushoto, asigongane viwiko na mwenzake. Mtukutu asiyeweza kutulia, mpe ruhusa ya kusimama ukutani na kitabu chake, utashangaa anavyosoma. Somo la hadithi lipeleke chini ya mwembe, mikeka ikitandikwa. Na pale nafasi inaporuhusu, geuza madawati mawili yatazamane, watoto wafundishane hesabu.

Nanyi wajumbe wa kamati za shule, mtakapomwita seremala mara nyingine, msimwagize idadi peke yake. Mwagizeni vipimo viwili au vitatu, na madawati mepesi yanayoweza kuinuliwa na watoto wanne. Mbao ni zile zile; kinachoongezeka ni kumfikiria mtoto.

Wengine wataogopa makelele. Lakini ukimya wa darasa si ushahidi wa elimu. Mtoto aliyechoka kukaa naye hunyamaza, mawazo yake yakiwa uwanjani.

Fundi cherehani hupima kabla ya kukata kitambaa. Mwalimu, kesho asubuhi kabla hujashika chaki, pita polepole kati ya safu, uiname, utazame chini ya madawati. Ihesabu miguu isiyofika sakafuni. Hapo ndipo pa kuanzia.