Mwacheni Binti Arushe kwa Miguu

Kila msimu wa riadha za shule unapofika hapa Kisumu, msichana anayerusha mkuki hupewa mawaidha yaleyale, iwe ni Mamboleo au katika kiwanja cha shule huko Ahero. Hutolewa kwa nia njema, na watu wanaompenda. Lakini mengi yanamharibia mrusho, na baadhi yanamharibia kiwiko. Ndiyo maana nataka kuyajibu.

La kwanza husikika kutoka pembeni mwa uwanja: "Tia mkono!" Mkono ndio wa mwisho kufanya kazi. Kasi ya mkuki huanzia kwenye mbio. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, mguu wa kushoto ukikanyaga mbele na kukazana, mwili wa chini husimama ghafla, na kasi hiyo hupanda kiunoni, kifuani, begani, kiwikoni, hadi vidoleni. Anayeambiwa atie mkono huanza kuvuta kabla mguu huo haujatua. Kiwiko kinashuka, kiganja kinageukia pembeni, mkuki unatoka huku mkia ukiyumba. Kisha watu wanasema hana nguvu. Nguvu anazo, ila amezimaliza kabla ya wakati wake.

Kurekebisha kosa hilo hakuhitaji vifaa vya gharama. Mbio ziwekwe kando kwanza. Asimame, mguu wa kushoto mbele, arushe mpira mdogo, kisha mkuki, auchome kwenye nyasi hatua chache mbele yake, pasiwe na mtu upande huo. Kiganja kitazame juu, na kiwiko kipite juu ya bega, karibu na sikio. Siku hiyo arekebishiwe jambo hilo moja tu. Kocha anayetaja kiwiko, goti, kichwa na mbio kwa pumzi moja anamwacha mtoto asijue ashike lipi.

Wengine husema, "Kiwiko cha chini ndio mtindo wake, mwacheni." Hapa sina subira. Kanuni za World Athletics zinataka mkuki urushwe juu ya bega au juu ya sehemu ya juu ya mkono unaorusha, na zinakataza kuuvurumisha kama kombeo. Kwa hiyo mtindo huo unaweza kumfanya ahesabiwe kosa. Lakini hata mwamuzi akinyamaza, kiwiko hakitanyamaza. Mkono ukipita ubavuni, kano ya upande wa ndani wa kiwiko hubeba mvuto mkubwa mno, na binti wa miaka 13 au 14 bado mifupa yake inakua. Nadhani wengi huleta mkono huo kutoka kwenye kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, ambako mlengwa yuko karibu na mpira hurushwa chini kwa haraka. Si kosa lao, na mazoea hayo yanaondoka kwa uvumilivu.

Kauli inayofuata ndiyo mbaya kuliko zote: kwamba maumivu ni ya kawaida, ndiyo mazoezi yenyewe. Uchovu wa misuli ya mgongo na bega ni kawaida, na huisha baada ya siku chache. Maumivu ya ndani ya kiwiko wakati wa kurusha si kawaida. Yakianza, aache kurusha siku hiyohiyo na apelekwe kwa daktari. Kumpaka dawa ya misuli na kumrudisha uwanjani ili shule ipate pointi ni kumkosea mtoto wa watu.

Kuna pia ile ya darasa la fizikia: mkuki uachiliwe kwa nyuzi 45 ndipo uende mbali. Mkuki hupata msaada wa hewa, tena huachiliwa ukiwa juu ya kichwa, na mwili wa binadamu hauwezi kutoa kasi yake yote ukielekea juu hivyo. Warushaji bora huachilia kwenye nyuzi thelathini na kitu. Alasiri, upepo wa ziwa unapovuma na kumjia usoni, ncha ishushwe zaidi. Akiiinua, mkuki utasimama hewani na kuanguka karibu.

"Lakini Yego alijifunza kwa YouTube!" Ni kweli, na ni fahari yetu. Julius Yego, mwana wa Nandi, kwenye milima tunayoiona kutoka hapa mjini, alitazama video za warusha mkuki Jan Železný na Andreas Thorkildsen, akashinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Maputo mwaka 2011. Wanaoisimulia habari hii huishia hapo. Baadaye alipata ufadhili wa kwenda Kuortane, Finland, akafundishwa na Petteri Piironen. Mita 92.72 zilizompa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 zilikuja baada ya kupata jicho la kocha. Simu itumike kumrekodi binti mwenyewe kutoka ubavuni, aone mguu wake ulipotua na kiwiko kilipokuwa.

Na kwa wanaodai kuwa mkuki ni wa wavulana: wanawake wanaurusha katika Olimpiki tangu 1932, na mwaka 2024 Haruka Kitaguchi wa Japani alichukua dhahabu kwa mita 65.80. Kisichomfaa binti ni mkuki wa wavulana. Wa wanaume wazima una gramu 800, wa wanawake gramu 600, na wa wasichana walio chini ya miaka 18 gramu 500. Akipewa ule mzito kwa sababu ndio uliopo stoo, kiwiko kitashuka hata afundishwe na nani.

Mwalimu wa michezo, kabla ya mazoezi yajayo uweke mkuki wa shule yako kwenye mizani. Ukizidi gramu 500, mwambie mwalimu mkuu anunue mwingine, na binti aendelee na mpira mpaka ufike.