Nani Aliyemtunga Erica Kane? Hoja Dhidi ya Uhakiki Unaombeza Mwigizaji

Ipo kauli moja ambayo imekwisha kuzoeleka mno katika idara zetu za fasihi hata haihojiwi tena. Kauli yenyewe ni kwamba tamthilia za mfululizo za runinga, zile ambazo Wamarekani wamezibandika jina la sabuni, ni upuuzi usiostahili jicho la mhakiki. Mwanafunzi wa uzamili akithubutu kuleta pendekezo la utafiti kuhusu mwigizaji wa tamthilia hizo, huelekezwa kwa upole kwenye idara ya mawasiliano, au huulizwa bila upole: matini yako wapi? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo humwaibisha anayeuliza kuliko anayeulizwa. Asubuhi tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba fanani ni mtunzi. Alasiri tunalikana jambo lilo hilo pindi fanani anapokuwa mwanamke aliyesimama mbele ya kamera.

Nitauegemeza mjadala huu kwa mwigizaji mmoja ambaye maisha yake ya kazi yanaiweka hoja wazi. Susan Lucci alizaliwa mwaka wa 1946 katika jimbo la New York, akasomea sanaa za maigizo katika Chuo cha Marymount na kuhitimu mwaka wa 1968. Mnamo Januari 1970 aliingia katika tamthilia mpya ya shirika la ABC, *All My Children*, iliyobuniwa na Agnes Nixon. Alipewa nafasi ya Erica Kane, msichana wa shule, mrembo, mjeuri, aliyetelekezwa na babaye na kulelewa na mama mpole katika mji wa kubuni wa Pine Valley. Aliishikilia nafasi hiyo hadi ABC ilipoikomesha tamthilia hiyo tarehe 23 Septemba 2011. Hiyo ni miaka 41. Tamthilia nzima ilikuwa imepita vipindi 10,000. Hakuna riwaya ya Kiswahili, wala ya Kiingereza, inayomfuata mhusika mmoja kwa urefu huo, na bado tunaambiwa kwamba hapa hapana cha kuhakiki.

Na tujiulize basi: nani aliyemtunga Erica Kane? Jibu la haraka ni Agnes Nixon, na hakuna anayekusudia kumnyang'anya Nixon haki yake. Ila Nixon hakuandika vipindi vyote hivyo. Katika miaka 41 uongozi wa waandishi ulipita mikononi mwa watu wengi, miongoni mwao Wisner Washam, Lorraine Broderick na Megan McTavish. Kila mmoja alikuja na mwelekeo wake, akaondoka na kuuacha msuko mahali ambapo mwenzake hakuutarajia. Waandishi walipita, aliyebaki ni Lucci. Ikiwa mhusika huyu alidumu kuwa mtu mmoja, mwenye kumbukumbu moja na mantiki moja ya nafsi, basi umoja huo haukukaa katika karatasi za waandishi pekee. Ulikaa pia katika sauti, macho na mwenendo wa mwigizaji.

Mfano mmoja watosha kulithibitisha hili. Mwaka wa 1973, miezi michache baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kutoa uamuzi wa kuhalalisha uavyaji mimba, Erica aliavya mimba. Lilikuwa tukio la kijasiri katika runinga ya mchana ya wakati huo, hasa kwa kuwa mhusika aliamua kwa sababu zake mwenyewe: alitaka kazi ya uanamitindo. Zaidi ya miaka 30 baadaye waandishi wa zamu waliligeuza tukio hilo. Watazamaji wakaelezwa kwamba daktari hakuitoa mimba ile, bali aliihamishia kwa mkewe, na kwamba mtoto alizaliwa na sasa ni mtu mzima. Wengi walikasirika. Hasira yao ni ushahidi wa kihakiki: hadhira ilikuwa na matini yake, iliyohifadhiwa kwa kumwona mwanamke yule yule akiubeba uamuzi ule kwa zaidi ya miongo mitatu. Mwandishi aliweza kuyafuta maneno. Hakuweza kuufuta uigizaji uliokwisha kutendeka mbele ya mamilioni.

Mfano wa pili ni wa huzuni zaidi. Mona Kane, mamake Erica, aliigizwa na Frances Heflin tangu mwanzo wa tamthilia. Heflin alipofariki mwaka wa 1994, haikuletwa sura nyingine kuitwa Mona. Mona naye alifariki katika hadithi, na Lucci akaigiza msiba wa mama ambaye mwenzake wa kazi wa zaidi ya miaka 20 ndiye aliyekuwa amezikwa. Hapa mwili wa mwigizaji si chombo cha kupitishia matini. Ndio matini. Najua nitajibiwa kwamba wahusika wengine wa tamthilia hiyo walibadilishiwa waigizaji. Ni kweli: Kendall, bintiye Erica, aliigizwa kwanza na Sarah Michelle Gellar, kisha, miaka kadhaa baadaye, na Alicia Minshew. Lakini wapenzi wa tamthilia huwazungumzia kama Kendall wawili, kama vile sisi tunavyozungumzia riwayati mbili za utenzi mmoja. Jibu hilo basi linaitilia nguvu hoja yangu.

Ni ajabu kwamba haya yanahitaji kutetewa mbele ya wanafasihi wa Afrika Mashariki. Albert Lord, katika *The Singer of Tales* (1960), alionyesha kwamba mwimbaji wa tendi za Yugoslavia hakuwa akikariri utungo uliokamilika, bali alikuwa akiutunga papo hapo kwa kutumia kaida alizorithi. Ruth Finnegan, katika *Oral Literature in Africa* (1970), alisisitiza kwamba fasihi simulizi haipo nje ya utendaji wake. Tumeyapokea mafunzo haya, tukayaweka katika mitihani yetu. Twajua kwamba mtambaji wa ngano harithi fungu tupu la maneno. Hurithi msuko, fomula na wahusika bapa, kisha huvitia uhai kwa kiimbo, ishara na kimya. Kuna onyesho mashuhuri ambamo Erica, akiwa peke yake msituni, anakabiliwa na dubu. Hakimbii. Anamkaripia mnyama kwa kujitaja jina lake, kana kwamba jina hilo pekee lingetosha kumfukuza. Likisomwa kwenye karatasi, ni jambo la kuchekesha. Likitendwa na Lucci, kwa kidevu kilichoinuliwa na imani kamili, huwa ni majigambo halisi, na aliyewahi kufundisha majigambo ya mashujaa wetu atayatambua mara moja.

Tazama sasa jinsi taasisi za sanaa zilivyomtendea. Lucci aliteuliwa kwa mara ya kwanza kuwania tuzo ya Emmy ya mchana mwaka wa 1978. Aliteuliwa mara 18 bila kushinda. Mwaka wa 1995 Gellar, kijana aliyemwigiza bintiye, alitunukiwa tuzo katika kitengo cha waigizaji vijana, naye mama angali mikono mitupu. Hatimaye, Mei 1999, katika uteuzi wake wa 19, alishinda, na ukumbi mzima ukasimama kumshangilia kwa muda mrefu. Magazeti yaliifanya hadithi hiyo kuwa kichekesho kwanza, kisha ngano ya subira yenye kuvuta heri. Hayakuuliza swali la msingi: tuzo ilikuwa ikipima nini? Majaji walipewa vipindi vichache vilivyoteuliwa kutoka kazi ya mwaka mmoja. Ni sawa na kumhukumu mtunzi wa utenzi wa beti elfu kwa kusoma beti tano. Sanaa ya tamthilia ya mfululizo ni sanaa ya ulimbikizaji. Mtazamo wa leo hupata uzito kutokana na tukio la miaka 20 iliyopita. Kipimo kisichoona muda hakiwezi kuiona sanaa hiyo. Kosa la majaji wale ndilo kosa letu, ila wao angalau walimteua.

Wapinzani wana hoja ya pili, nayo ni nzito kidogo: kwamba utanzu huu ni mtoto wa biashara. Ni kweli kwamba jina lake lilitokana na watengenezaji wa sabuni, kama vile Procter & Gamble, waliodhamini michezo ya redio ya miaka ya 1930 ili kuwauzia akina mama wa nyumbani bidhaa zao. Ni kweli pia kwamba biashara iliyoizaa *All My Children* ndiyo iliyoiua: watazamaji walipopungua, ABC iliiondoa na kuweka mahali pake kipindi cha mapishi. Lakini tangu lini biashara ikawa kizuizi cha uhakiki? Dickens aliandika *The Pickwick Papers* kwa sehemu za kila mwezi, mwaka wa 1836 na 1837, akikodolea macho mauzo, nasi twamfundisha bila kuona haya. Tofauti haiko katika fedha. Iko katika nani aliyekuwa akitazama. Tamthilia hizi zilionyeshwa mchana, kwa wanawake waliokuwa nyumbani, zikizungumzia ndoa, uzazi, magonjwa na usaliti. Tumeurithi ukadiriaji wa thamani unaoviona vita kuwa maudhui na jikoni kuwa porojo, kisha tukauita ukadiriaji huo viwango vya kitaaluma.

Sisemi kwamba kila tamthilia ya runinga ni kazi bora, wala kwamba Lucci hakuwahi kuigiza ovyo. Katika kasi ya kurekodi kipindi cha saa nzima kila siku ya kazi, ovyo ni jambo lisiloepukika, na ndoa za Erica zilikuwa nyingi hata kuhesabu ni zipi zilizokuwa halali kukawa mchezo wa watazamaji. Mhakiki na aseme haya bila huruma. Lakini ili aseme, sharti kwanza atazame. Kulaani pasipo kusoma hakujawahi kuwa uhakiki.

Nimalizie nyumbani, kwa kuwa kielelezo tunacho. Siti binti Saad wa Unguja, binti wa wafinyanzi aliyefikia kuwa sauti ya taarab ya zama zake, hakutuachia diwani. Alituachia utendaji. Shaaban Robert, ambaye hakuna hata mmoja wetu atakayethubutu kumwita mwanafasihi wa kubahatisha, alikaa akamwandikia wasifu. Hakuuliza matini iko wapi. Aliona mwanamke aliyebeba sanaa katika mwili wake na kuifanya idumu, akahukumu kwamba maisha kama hayo ni somo la fasihi. *Wasifu wa Siti binti Saad* tunausoma, tunauhakiki, tunautahini. Mwanafunzi atakayekuja kesho na pendekezo la kuhakiki kazi ya mwigizaji wa tamthilia za mfululizo, awe wa New York au wa Nairobi, atakuwa anamfuata Shaaban Robert. Tukimfungia mlango, tujue ni nani tunayemfungia.