Bondia Naye ni Mtenda Kazi

Kila tunapozungumza habari za vijana wetu wanaopigana ngumi za kulipwa, mazungumzo ndani ya kanisa huishia palepale: je, ngumi ni dhambi? Wako wanaosema ni dhambi, kwa kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na haifai kumpiga mtu usoni ili watu washangilie. Wako wanaosema ni mchezo kama michezo mingine. Wapendwa hawa waendelee kujadiliana, Biblia mkononi. Lakini tukiwa bado tunabishana, iko dhambi nyingine isiyo na ubishi, nayo hutendeka mbele ya macho ya watu: kijana anavuja damu, ukumbi umejaa, na usiku ule anarudi nyumbani akiwa na ahadi tu.

Sisi wa Kirumba hatuhitaji mtaalamu wa uchumi atueleze ujira ni kitu gani. Pale mwaloni, anayebeba gunia la dagaa hulipwa akilitua. Hakuna anayemdai fedha kwanza ndipo abebe. Wavuvi nao wanaujua mgao: hutolewa gharama za safari, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye mtumbwi na waliokesha ziwani. Mwenye mtumbwi anaweza kupunja, na wako wanaopunja, lakini angalau mvuvi ameuona mzigo ukishushwa. Bondia chipukizi hauoni. Hajui tiketi ngapi zimeuzwa, mdhamini ametoa nini, wala haki za televisheni zimelipiwa kiasi gani. Huambiwa tu, "Chako ni hiki." Wengine hupewa tiketi badala ya fedha, wakaziuze wenyewe kwa ndugu na majirani.

Tupige hesabu ya mfano. Kijana ameahidiwa shilingi 200,000 kwa pambano la utangulizi la raundi nne. Anafanya mazoezi wiki 6, siku 5 kwa wiki, nauli 1,000 kwa siku: hiyo ni 30,000. Kocha na meneja wanachukua robo: 50,000. Bandeji, kilinda meno na vipimo vya afya, tuseme 40,000. Wiki ya mwisho haendi kwenye kibarua chake cha 10,000 kwa siku, siku 6: amepoteza 60,000. Jumla ni 180,000. Amebakiwa na 20,000, na hapo hatujataja chakula. Akivunjika taya, atatibiwa kwa fedha ipi? Hapo ndipo mama yake anapokuja kanisani kuomba mchango, na sisi tunachanga. Kwa maneno mengine, sadaka ya wajane inalipa gharama za biashara ya mtu mwingine.

Tutajibiwa kwamba kila kazi ina mwanzo mgumu, avumilie, naye atafika. Tena tutatajiwa Hassan Mwakinyo wa Tanga, ambaye Septemba 8, 2018, alikwenda Birmingham, Uingereza, akamshinda Sam Eggington katika raundi ya pili mbele ya watu wake. Sisi nasi tulishangilia. Lakini ushindi wa mmoja usigeuzwe chambo cha kuwavulia wengine. Mabondia wengi wa nchi maskini hawaitwi ugenini ili washinde. Huitwa ili bondia wa nyumbani apate ushindi katika rekodi yake. Taarifa huja siku chache kabla, na fedha ni nyingi kuliko za hapa, kwa hiyo kijana anapanda ndege hata kama hakujiandaa. Akishindwa, kushindwa huko kunaandikwa kwenye jina lake, na bei yake inashuka. Safari ya pili anaitwa kwa sababu ile ile kwamba alishindwa ya kwanza. Huo si mwanzo mgumu wa kazi. Ni kuuza afya kidogokidogo.

Wako pia wanaosema, "Ni hiari yao, hawakulazimishwa." Basi na tuisome 1 Wakorintho sura ya 9. Wahubiri wanaipenda sura hiyo kwa sababu Paulo, mwishoni mwake, anajifananisha na mpiganaji wa ngumi asiyepiga hewa. Ni mahubiri mazuri. Lakini turudi nyuma kidogo ndani ya sura hiyohiyo: Paulo anauliza kama yuko askari anayejigharamia vita, na anakumbusha sheria ya Musa kwamba ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Maneno hayo tunayatumia, kwa haki kabisa, tukijadili posho ya mchungaji. Kama yanamlinda mtumishi wa madhabahuni, na kama yanamlinda hata ng'ombe, kwa nini yasimlinde mtoto wa Kirumba aliyesimama ulingoni? Wala Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, hakuuliza kama wavunaji waliajiriwa kwa hiari. Aliuliza ujira wao uko wapi.

Na jambo hili si la fedha peke yake. Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alifariki dunia baada ya pambano jijini Dar es Salaam. Hatumnyoshei mtu kidole kwa msiba ule. Tunasema tu kwamba hatari ni ya kweli. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Haisemi anayepanda darini ajiangalie mwenyewe. Inamwambia mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ya ngumi ni promota, na wasimamizi wapo: Kamisheni ya Kudhibiti Ngumi za Kulipwa, na juu yake Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Marekani, mwaka 2000, walitunga sheria iliyopewa jina la Muhammad Ali, inayomtaka promota amweleze bondia fedha alizopokea kutokana na pambano lake. Sisi tunataka yaleyale na zaidi: mkataba wa Kiswahili, nakala yake mikononi mwa bondia kabla ya kupima uzito, fedha taslimu kabla hajatoka ukumbini, si tiketi, daktari na gari la wagonjwa kando ya ulingo, na aliyeangushwa asipande tena ulingoni mpaka daktari aandike kwamba amepona.

Kanisa nalo lina kazi yake. Katika usharika wetu wamo walimu, wahasibu na wanasheria. Kijana akiletewa mkataba, asomewe kabla hajatia saini. Promota akituomba ukumbi, au akimwomba mchungaji afungue pambano kwa sala, tumwulize kwanza: vijana wa utangulizi wanalipwa nini, na lini? Akijibu kwa karatasi, tutamsikiliza. Asipokuwa na jibu, asiondoke na amina yetu.