Elimu ya Afya Ipimwe kwa Kura

Tunduma ni lango la nchi yetu kuelekea Zambia. Malori husubiri mpakani, na pamoja na madereva wapo wafanyabiashara, mama lishe na vijana watafutao riziki. Hapana shaka elimu ya kujikinga na UKIMWI yahitajika hapo. Lakini ni nani awezaye kuthibitisha kwamba mikutano na mabango yamebadili mwenendo wa watu? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Njia ya kuthibitisha ipo, nayo imekwisha kutumika nchini. Vijiji au mitaa hugawanywa kwa kura: baadhi hupata mpango mpya, na mingine huendelea na huduma za kawaida. Kisha hali zao hulinganishwa. Kura huzuia mpango kupelekwa kule tu kulikoelekea kufanikiwa.

Mkoani Mwanza, kati ya 1991 na 1994, jamii 12 zilishiriki. Katika zile 6 zilizopata tiba bora ya magonjwa ya zinaa, maambukizo mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Kuanzia 1998 hadi 2002 ukajaribiwa mpango wa elimu, MEMA kwa Vijana, katika jamii 20. Ujuzi wa vijana uliongezeka, lakini maambukizo ya VVU hayakupungua. Lau kama wangepimwa kwa maswali peke yake, tungejipongeza bure.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba nao walishiriki jaribio kama hilo dhidi ya kichocho, lililokwisha 2017. Shehia 90 zilipewa dawa. Theluthi moja ikaongezewa uangamizaji wa konokono, na theluthi nyingine elimu ya kubadili mwenendo. Mwishoni haikuonekana tofauti ya hakika baina ya makundi. Hiyo si fedheha. Ni ukweli umsaidiao kiongozi kupanga upya.

Wapo watakaosema si haki kijiji kimoja kitangulie na kingine kingoje. Lakini fedha hazijapata kutosha kufika kote kwa siku moja. Ikiwa lazima wengine wangoje, kura ni haki zaidi kuliko kujuana.

Kwa hiyo viongozi wa Songwe, na wenzao wa visiwani, hawana budi kudai kipimo cha namna hii kabla ya kueneza mpango wowote mpya. Wananchi waelezwe, waridhie, na matokeo wasomewe hadharani, yawe matamu au machungu. Idadi ya mabango si idadi ya waliosalimika.