Wacha kusingizia baridi, kutu ya fimbo zako si deni la kedi

Kila Julai ikifika ni wimbo ule ule. Nairobi inageuka kijivu, watu wanatoa majaketi mazito kabatini, na wachezaji gofu wanaanza kuongea kuhusu fimbo zao kama mama anayeongea juu ya mtoto mchanga. Ati zisilale kwa baridi. Ati baridi inapasua grafaiti. Ati chuma kikipigwa na umande wa Limuru kinakuwa kama biskuti. Kuna jamaa hata anauza kichupa cha mafuta ya "kukinga fimbo na baridi", na wananunua. Watu wazima, wenye digrii na gari la automatiki.

Wacha niseme bila kuzunguka: baridi ya Kenya haiharibu fimbo za gofu. Maji yanaharibu. Joto la buti ya gari linaharibu. Na uvivu wa mwenye begi unashinda hayo yote mawili. Ningewaachia hiyo hadithi yenu mkae nayo, maana kila mtu ana mambo yake, shida ni kwamba kuna mtu anailipia, na si nyinyi.

Kwanza tuiangalie hii baridi yenyewe. Asubuhi ya Julai Nairobi ni nyuzi 10, 11, 12 hivi. Ukipanda Limuru inashuka zaidi, unaona pumzi yako, vidole vinakataa kufungua zipu. Sawa, kwa binadamu hiyo ni baridi. Kwa chuma si kitu. Huko Kanada, ambako haya mashauri ya "majira ya baridi" yanatoka, Januari ni chini ya sufuri wiki baada ya wiki, theluji imefunika uwanja wote na klabu imefungwa. Mtu wa huko anapoambiwa aingize fimbo ndani ya nyumba, azisafishe, azipumzishe hadi uwanja ufunguliwe tena, hiyo ina maana kwake. Ana miezi ya kutocheza. Sisi tunacheza miezi 12. Hakuna siku fimbo ya Mkenya inapumzika, labda mwenyewe akiwa ameishiwa na ganji.

Sasa mtu wetu anachukua ile video ya Kanada, anaitafsiri, anaweka muziki, anatupa mtandaoni. Manze, si ungeangalia dirishani kwanza?

Hata Scotland, nyumbani kwa gofu kwenyewe, watu hucheza hadi wakati wa baridi kali. Pale St Andrews, kwenye Old Course, kuna miezi wachezaji huambiwa wapige mpira kutoka kwa kipande cha mkeka. Unajua mkeka unalinda nini? Nyasi. Na asubuhi yenye jalidi viwanja vya huko huchelewesha kufungua hadi barafu iyeyuke, kwa sababu ukikanyaga jani lililoganda linakufa. Tena nyasi. Watu wa chai kule Kericho na Nandi wanajua jalidi hufanyia jani nini, hawahitaji kufundishwa. Fimbo zenyewe hakuna aliyezifungulia hospitali.

Nadhani najua huu uoga ulitoka wapi, angalau kwa wazee wa klabu. Zamani shafti zilikuwa za mbao. R&A waliruhusu za chuma mwaka 1929. Vichwa vya draiva vilikaa vya mbao muda mrefu zaidi, mpaka TaylorMade wakaleta cha chuma mwaka 1979. Mbao ikinywa unyevu inavimba, ikikauka vibaya inapasuka. Kwa hivyo babu yako alikuwa na haki ya kuogopa. Wewe una titani na grafaiti kwa begi na bado unaogopa ugonjwa wa mti.

Haya, sasa sababu ya mimi kuandika hii.

Julai mwaka jana nilikuwa nashuti video kwa klabu moja huko juu, karibu na mashamba ya chai. Sitaitaja. Shimo la 11, mwanachama mmoja akapiga ayani 7, na kichwa cha fimbo kikaruka mbele ya mpira. Kweli, kilienda mbali kuliko mpira. Shafti ilikatika pale pale inapoingia kichwani. Jamaa hakungoja hata sekunde, akamgeukia kedi wake: "Wewe ndio uliacha begi langu nje kwa baridi jana."

Ni ukweli begi lilikuwa limelala kwa veranda, kwa sababu stoo ilifungwa mapema na mwenye ufunguo alikuwa ameenda. Kedi, kijana wa rika langu, alisema tu, "Pole sana, mdosi." Angesema nini? Akibishana, kesho hapati begi. Walipofika ofisini, ofisi ikakubaliana na mwanachama, wakamwandikia deni la shilingi 18,000, ati hizo fimbo haziuzwi moja moja. Huyo kijana alikuwa analipwa 1,000 kwa raundi. Wiki nzuri ya Julai, wakati wengi wanakaa nyumbani kuogopa mvua, anapata raundi 3. Piga hesabu: wiki 6 za kubeba begi la mtu bure, na bado kuna kodi ya nyumba na unga.

Mimi niliokota kile kichwa na kipande cha shafti. Nikachungulia ndani. Kulikuwa na kutu ya rangi ya kahawia, nene, imejikunja kama ndani ya bomba la maji la nyumba ya zamani. Nje shafti iling'aa vizuri kabisa kwa sababu imepakwa kromu. Ndani ndiko ilikuwa imekwisha, ukuta wa chuma umebaki mwembamba.

Kutu kama hiyo haiji kwa usiku mmoja wa veranda. Inajengeka miezi na miezi. Niliacha chuo mwaka wa pili na hilo nalijua, kwa hivyo sitaki kusikia habari ya utaalamu.

Sasa maji yaliingiaje? Chukua fimbo yako saa hii, geuza, angalia kule juu kabisa kwa raba ya mshiko. Unaona katundu kadogo? Shafti ni bomba tupu, na hako katundu ni mlango. Ukisema "nioshee fimbo vizuri, mpaka kwa mshiko," na kijana wa watu akazipiga bomba la maji jinsi ulivyomwambia, maji yanaingia kwa hako katundu na kushuka mpaka chini shingoni, mahali yatakaa bila kukauka. Halafu unavisha vichwa zile kofia za sufi zikiwa zimelowa, unaziba begi na kile kifuniko cha mvua, unafungia kwa buti mpaka Jumamosi ijayo. Umetengeneza mvuke wako binafsi. Fanya hivyo mwaka mmoja, miwili, halafu siku fimbo ikikatika unatafuta aliye karibu.

Na aliye karibu siku zote ni kedi. Halafu msimu ulio karibu ni Julai. Ndio maana baridi inalaumiwa: kwa sababu ipo siku ya tukio.

Kwa buti hata sijamaliza. Januari mpaka Machi gari limeegeshwa mjini juani kutoka asubuhi hadi jioni. Ukifungua buti saa tisa unapigwa na hewa kama ya jiko la mkate. Kichwa cha fimbo kimeshikiliwa kwa shafti na gundi ya epoksi. Waulize mafundi wa fimbo wanatoaje shafti ya zamani: wanapasha joto shingo ya fimbo mpaka gundi inalegea, wanavuta. Joto ndio ufunguo wa hiyo gundi. Sasa wewe unaipasha kidogo kidogo kila siku, unaongeza matuta ya barabara na mashimo, vichwa vinagongana huko nyuma kama sufuria kwa pikipiki. Mtu wa Nyali au Diani, ambaye ana joto na hewa ya chumvi pamoja, ana haki ya kuhangaika na fimbo zake kuliko mtu yeyote wa Limuru. Lakini huyo simsikii akiongea juu ya baridi.

Kuna kitu kimoja baridi inafanya kweli, na nitaisema ndio nisiitwe muongo. Inafupisha mpira. Hewa ya nyuzi 10 ni nzito kwa karibu asilimia 5 kuliko hewa ya nyuzi 25 mahali pale pale, kwa hivyo mpira unasukumana na kitu kizito zaidi. Mpira wenyewe ukiwa baridi unakuwa mgumu, haurudi haraka ukipigwa. Na wewe umevaa sweta mbili, mabega hayazunguki. Jumlisha hizo tatu, utaona mbona ayani 7 ya Februari haifiki Julai. Chukua 6, songa mbele. Si fimbo imeharibika. Na kama ni mpira, uweke ndani ya nyumba usiku badala ya kwa gari. Lakini usijaribu kuupasha moto ukiwa mchezoni, kwa sababu Kanuni ya 4.2a inakataza kupiga mpira uliobadilishwa kwa makusudi, kupasha joto kumetajwa waziwazi, na adhabu ni kuondolewa kwa mashindano.

Tena hata na hiyo baridi yote, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa yetu ya Julai asubuhi bado ni nyepesi kuliko ya Mombasa mchana kwa zaidi ya asilimia 10. Umebarikiwa na mwinuko na bado unalia. Wueh.

Raba ya mshiko pia inakuwa ngumu kwa baridi na inateleza ikishika umande. Hapo sawa. Dawa yake ni taulo kavu na kubadilisha raba zikiisha, si kichupa cha yule jamaa.

Najua wengine mtasema kuna makedi wazembe. Wapo. Kuna anayeangusha begi kwa lami, kuna anayesahau weji mchangani, kuna anayeegemea fimbo kama mkongojo. Mlipishe kwa hilo, kwa sababu alama yake inaonekana na siku yake inajulikana. Draiva ikiwa na mbonyeo mpya wa mawe, nani atabisha? Lakini kutu ya ndani ya shafti iliyofungiwa kwa gari lako siku sita kwa wiki ni yako. Kedi anakaa na hilo begi masaa manne. Wewe unakaa nalo yaliyobaki yote.

Na mjue hata sheria ya mchezo wenyewe iliwahurumia nyinyi. Tangu mabadiliko ya 2023, fimbo ikiharibika ukiwa raundini na hukuiharibu kwa hasira, unaruhusiwa kuitengeneza au kuibadilisha na uendelee. Yaani waliotunga kanuni wanakubali kuwa fimbo huvunjika tu, bila mtu kuwa na hatia. Klabu zetu hazijafika hapo. Kwetu kila fimbo iliyovunjika lazima ipate mwenye kosa, na lazima awe hana kadi ya uanachama.

Kwa hivyo hiki ndicho ninachotaka kutoka kwa kamati za klabu, na hakihitaji mkutano wa mwaka. Kabla ya kumkata kedi shilingi hata moja, fundi aangalie shafti iliyokatika ndani, kedi akiwepo anaona. Kama kuna kutu ya zamani, deni linafutwa hapo hapo. Begi likipokelewa stoo, hali yake iandikwe: fimbo ngapi, gani ina kutu, gani inalegea kichwa. Karatasi moja, sahihi mbili, ya mwenye begi na ya kedi. Na stoo isifungwe kabla begi la mwisho halijarudi, maana mnamlaumu mtu kwa kuacha begi nje wakati ufunguo mmeenda nao nyumbani.

Na wewe mwenye begi: ukifika nyumbani leo, toa kila kitu nje ya begi. Futa kwa kitambaa kikavu, kofia za vichwa uzianike kando, fimbo zisimame usiku mzima kwa chumba cha kawaida zikiwa wazi. Halafu toa begi kwa gari na usilirudishe mpaka siku ya kucheza. Dakika 10. Ukishindwa na hizo, usimguse kijana wa watu.