Amri za Kukaa Mbali na Katikati ya Jiji: Barua ya Wazi kwa Baraza la Jiji la Seattle

Amri ya kukaa mbali ni agizo la mahakama linalomkataza mtu kukanyaga mitaa fulani kwa muda uliowekwa. Mwezi Septemba 2024, Baraza la Jiji la Seattle, katika jimbo la Washington, lilizipa amri hizo sheria mpya kwa kura 8 dhidi ya 1. Maeneo yaliyotengwa yamo katikati ya jiji, Belltown, Pioneer Square, Capitol Hill, University District na Chinatown-International District. Anayeivunja amri anaweza kufungwa hadi siku 364 na kutozwa faini ya hadi dola 5,000.

Malalamiko yaliyoizaa sheria hii ni ya kweli. Katika makutano ya barabara za 12 na Jackson, ndani ya Little Saigon, na kando ya Third Avenue, wenye maduka na wasubiri mabasi wameishi kwa miaka na biashara ya fentanili na mali ya wizi mbele ya milango yao. Mwenye duka anayefagia kizingiti chake kila asubuhi ana haki ya kudai ulinzi, na yote yanayofuata hapa hayamnyang'anyi haki hiyo.

Sheria ilitetewa kama dawa ya wahalifu sugu, lakini maandishi yake yanafika mbali zaidi. Hakimu anaweza kumpa amri hata mtu ambaye bado hajahukumiwa: shtaka la dawa za kulevya latosha. Tangu hapo kusimama tu kwenye mtaa uliokatazwa, bila kuuza wala kuvuta chochote, ni kosa jipya, na mtu anazidi kuwa sugu kwenye karatasi kwa sababu ya mahali alipokutwa.

Na mahali penyewe ndipo penye msaada. Makazi ya dharura, zahanati, mawakili wa utetezi na mahakama vimejikusanya katikati ya jiji. Jiji la Cincinnati lilikumbana na tatizo hili mapema. Sheria yake ya 1996 iliwafukuza watu kutoka mtaa wa Over-the-Rhine kwa hadi siku 90 baada ya kukamatwa, na mwaka mzima baada ya hatia. Bibi mmoja aliyekuwa akiwasindikiza wajukuu zake shuleni alizuiwa kufika kwao, ingawa kesi iliyomletea marufuku haikuendelea. Mwanamume asiye na makazi alitengwa na chakula, malazi, na hata ofisi ya wakili wake. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ya Marekani ya Mzunguko wa Sita iliitupa sheria hiyo, kwa kuwa ilivunja haki ya mtu kutembea katika mji wake na kuwa na familia yake. Seattle imemweka hakimu mahali ambapo Cincinnati ilimweka polisi. Hilo ni afadhali kubwa, lakini wajukuu na wakili wanabaki upande ule ule wa mpaka.

Jiji la Portland nalo lilikuwa na maeneo ya aina hii tangu 1992. Mwaka 2007, baada ya kubainika kwamba Wamarekani Weusi waliangukiwa na marufuku kupita kiasi, Meya Tom Potter aliiacha sheria ife.

Seattle haihitaji kwenda mbali kutafuta njia nyingine. Mwaka 2011, Belltown ndiko ulikoanzia mpango wa LEAD: polisi, badala ya kumpeleka mtu mahabusu, humkabidhi kwa mhudumu anayemfuatilia hadi kwenye tiba na makazi. Tathmini ya University of Washington ilikuta kwamba uwezekano wa washiriki kukamatwa tena ulikuwa chini kwa asilimia 58 kuliko wa wasioshiriki.

Kwa hiyo Baraza linaombwa kurekebisha sheria katika mambo matatu. Amri isitolewe kabla ya hukumu. Kila amri iandikwe pamoja na njia ya kufika nyumbani, kazini, kwenye tiba, kwa wakili na kwa familia, ili askari aliye mtaani aisome bila kubahatisha. Na takwimu za waliopewa amri, kwa eneo na kwa asili yao, zitangazwe kila robo mwaka, sambamba na fedha zilizotengwa kwa LEAD katika mitaa ile ile.